Kikohozi cha Mama Pacha

Ilikuwa Jumanne, kama saa nne za asubuhi, na Sikio alikuwa amefika tari la thelathini na mbili. Alilipiga katikati kwa kidole gumba, akalipiga kofi ukingoni, akalitikisa mara moja asikie kama vibati vyake vyote vinaongea. Kisha akalamba kidole, akakiburuza juu ya ngozi mpaka ikatetemeka na kutoa ule mngurumo mrefu wanaoupenda wapigaji wa bendi. Tari lilikuwa zuri. Aliligonga muhuri wa SAWA kwenye ubao wake, akaliweka juu ya mengine upande wa kulia, akanyoosha mkono kuchukua la thelathini na tatu. Hapo ndipo la thelathini na mbili lilipokohoa.

Lilikohoa mara mbili fupi na moja ndefu, na mwishoni likakwaruza kama kiti kinachoburutwa kwenye sakafu ya saruji. Vibati vikalia kidogo kwa ule mtikisiko, vikatulia. Sikio hakuhitaji kuambiwa ni nani. Kikohozi kile alikuwa akikisikia tangu mwaka juzi, upande wa pili wa ukuta wa mbao.

Aliinuka, akaenda kugonga mlango wa chumba cha gundi.

"Mama Pacha," aliita, "umekohoa?"

"Nimekohoa, dada," sauti ya mdogo wake ilijibu kutoka ndani. "Lakini sijaisikia sauti yake."

"Kimetokea huku kwangu."

Brashi ikasikika ikirudishwa koponi.

"Basi kipokee," alisema Mama Pacha. "Mimi nimekichoka."

Sikio alirudi kwenye meza yake na kuendelea na kazi, kwa sababu yalibaki matari arobaini na nane kabla ya chakula cha mchana.

Jina la Sikio alipewa na wafanyakazi wenzake. Kiwanda kizima kilijua kwamba ukimfumba macho na kumpa tari, atakuambia ngozi hii imewambwa na mkono wa nani, na kama mwenye mkono huo siku hiyo aliamka vizuri au vibaya. Kiwanda kilitengeneza matari tu. Mbele walikaa wanaume waliochemsha mbao nyembamba na kuzikunja ziwe duara, katikati walikaa wanaopachika vibati, na nyuma kabisa, mkabala na meza ya Sikio, kilikuwepo chumba cha gundi. Huko wanawake wanne waliwamba ngozi zilizolowekwa, wakazipaka gundi, wakazibana kwa misumari midogo ya shaba.

Chumba hicho kilikuwa na dirisha moja, na dirisha lilikuwa limezibwa kwa mbao. Vumbi la msumeno likiingia hunata kwenye ngozi mbichi, na ngozi yenye vumbi huzomea badala ya kulia. Kwa sababu hiyohiyo mlango haukuachwa wazi hata kwa muda wa kuvuta pumzi mbili. Gundi ilichemka juu ya jiko kutwa nzima. Wageni walitokwa na machozi wiki ya kwanza, wakaambiwa watazoea, na kweli machozi yalikoma. Kilichokuja baada ya machozi hakuna aliyewaambia.

Mama Pacha alikuwa mle ndani mwaka wa kumi na moja. Aliyempeleka ni Sikio. Mume wa mdogo wake alipoondoka na kuacha mimba iliyokuja kuwa mabinti wawili, Sikio alimfuata meneja mwenyewe akamwambia, "Nina mdogo wangu, ana mkono mwepesi ajabu." Hakusema uongo. Ngozi alizowamba Mama Pacha zililia kwa uwazi ambao hata mteja asiyejua muziki aliutambua. Ila tangu kikohozi kianze, Sikio hakukisikia hata mara moja bila kujiona kama anasutwa.

Kufikia mwisho wa wiki ile mdomo wa Mama Pacha haukutoa kikohozi tena. Alikuwa anashika kifua, anajikunja, mishipa ya shingo inasimama, anafunua kinywa, na kimya. Sauti ilitokea kwenye tari mojawapo kati ya yale aliyoyawamba, popote lilipokuwa. Mara nyingine juu ya meza ya Sikio, mara nyingine ndani ya maboksi stoo, na kwa vile matari yake yalikuwa yameuzwa kwa miaka kumi na moja, mara nyingi zaidi ilitokea mbali.

Mabinti zake pacha, wa miaka kumi, walirudi shuleni wakatua mikoba.

"Mama, leo umekohoa darasani kwetu," alisema wa kwanza.

"Mara saba," alisema wa pili. "Mwalimu wa muziki anasema ugua pole."

"Mwambieni asante," alisema Mama Pacha. "Sikuwapotezea somo?"

"Alitwambia tungoje umalize, ndipo tuendelee."

Bendi ya zimamoto nayo ilifanya vivyo hivyo. Mpiga tari wao, mzee mmoja mnene, aliinua mkono kila kikohozi kilipoanza, wenzake wakashusha tarumbeta, kikaisha, wakaendelea pale walipoachia. Kwaya moja ilipanga upya wimbo wake ili uwe na nafasi. Wateja wachache waliandika barua kiwandani, na barua zao hazikuuliza inawezekanaje. Ziliuliza kama tari jipya litakohoa kama la zamani, na kama kuna namna ya kujua kabla ya kununua.

Daktari wa kampuni alikuja kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi, akakaa kwenye kijichumba kilichopakana na stoo. Mama Pacha alikwenda kuomba karatasi ya kuhamishwa. Alitaka kupachika vibati tu, kule katikati ambako kuna hewa. Sikio aliingia naye, akasimama nyuma yake.

Daktari aliweka kile chuma chake cha baridi mgongoni pa mgonjwa.

"Kohoa," alisema.

Mama Pacha alikohoa. Mwili mzima ulitikisika hadi kiti kikasogea.

"Nimesema kohoa, mama."

"Nimekohoa, daktari."

"Mimi sijasikia kitu."

Upande wa pili wa ukuta, ndani ya boksi lililofungwa kwa karatasi ya gundi, kikohozi kilitoka mara mbili fupi na moja ndefu. Daktari aliinua kichwa.

"Nani huyo anaumwa?"

"Ni mimi," alisema Mama Pacha.

"Ni yeye," alisema Sikio. "Kinatokea kwenye matari."

Daktari alifikiri kidogo, kwa haki kabisa, kisha akaandika kwenye karatasi: *Kikohozi hakipo. Anafaa kuendelea na kazi yake ya sasa.* Wakati wa kutoka alimwita mtunza stoo na kumshauri ayainue maboksi kutoka sakafuni, maana sakafu ile ilikuwa na unyevu na unyevu si mzuri kwa vifua. Maboksi yaliinuliwa siku hiyohiyo. Mafundi walitengeneza rafu.

Sikio aliiangalia ile rafu mpya wiki nzima, na kila alipoiangalia alihisi mkono wake unakuwa mzito juu ya ngozi. Ijumaa alikwenda kwa meneja. Meneja hakuwa mtu wa kufoka. Alisikiliza hadi mwisho, alikuwa na tabia ya kumsogezea mgeni kiti mwenyewe, na dirisha lililokuwa nyuma ya kichwa chake lilikuwa wazi pande zote mbili.

"Toa zile mbao dirishani," alisema Sikio. "Sina jingine."

"Vumbi, Sikio. Ngozi zinaharibika, wewe ndiye unayezikataa."

"Na watu?"

"Mtu anaweza kufunga kitambaa puani. Ngozi utaifunga kitambaa?" Meneja alisikitika kweli. "Isitoshe, mimi mwenyewe niko pabaya. Barua zinakuja kutoka kwa wateja. Mdogo wako anakohoa ndani ya bidhaa, hata nje ya saa za kazi. Hata usiku, wanasema. Nimemtetea mpaka nimechoka."

Jumatatu Mama Pacha alikabidhiwa barua ya onyo. Ilisema kwamba ametumia bidhaa zilizokamilika kwa kukoholea bila ruhusa, na kwamba akirudia atachukuliwa hatua. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni mwa chumba cha gundi, akaikunja vizuri.

"Wanataka niombe ruhusa," alimwambia dada yake. "Nikohoe kwa zamu."

"Usinichekeshe. Nina hasira."

"Hasira zako kaa nazo, dada. Mimi zinanibana kifua."

Lakini Sikio hakukaa nazo. Mjini kulikuwa na ofisi ya serikali inayoshughulikia afya ya wafanyakazi, ghorofa ya tatu. Aliandika malalamiko kwa mkono wake, akaomba siku ya kusikilizwa, akapewa. Siku hiyo alikusanya matari manne ya mkono wa mdogo wake, matatu ya kuazima kutoka stoo na moja kutoka kwa mzee wa zimamoto, aliyelitoa bila kuulizwa mara ya pili. Aliyatia kwenye gunia. Mama Pacha alivaa gauni lake zuri. Walipanda ngazi polepole, wakipumzika kila kona, na kila walipopumzika gunia lilikohoa.

Afisa alikuwa mwanamke mwenye adabu na miwani. Kampuni ilimtuma karani, kijana aliyebeba faili na kutotazama mtu. Sikio aliyapanga matari mezani kwa mstari.

"Mazuri," alisema afisa, akaligusa moja kwa ncha ya kidole likalia. "Mwanangu anapiga shuleni. Haya mama, jieleze."

Mama Pacha alieleza. Alisema miaka, alisema dirisha, alisema gundi. Hakupamba. Katikati ya sentensi kifua kilimkaba, akashika ukingo wa meza, akafunua mdomo, na tari la pili kutoka kushoto likakohoa kwa nguvu hadi vibati vikachezacheza. Mara ya pili lilikohoa la zimamoto. Mara ya tatu yalikohoa mawili kwa pamoja, na afisa akalazimika kushika glasi yake ya maji isianguke.

Alingoja mpaka Mama Pacha apate pumzi. Akamsogezea glasi. Kisha akaandika kwa muda mrefu.

"Kampuni ina la kusema?"

"Matari matatu kati ya haya ni mali ya kampuni," alisema karani, akilitazama faili lake. "Kilichomo ndani ya mali ya kampuni ni cha kampuni. Kwa hiyo kikohozi hiki, kwa maoni yetu, si cha mlalamikaji."

"Sitakwenda mbali kiasi hicho," alisema afisa. Alivua miwani. "Lakini mama, nikuambie ukweli. Nimekiona na nimekisikia, siwezi kukana. Aliyekohoa mbele yangu ni tari. Sheria ninayoitumia ni ya wafanyakazi, na tari si mfanyakazi."

"Na aliyefunua mdomo ni nani?" aliuliza Sikio.

"Kufunua mdomo si ugonjwa."

"Unaona mishipa yake? Unaona alivyopauka?"

"Naona. Fomu inauliza kikohozi cha mwombaji. Ningekuwa na nafasi ya kuandika kingine, ningeandika."

"Chukua kalamu uchore nafasi," alisema Sikio, na sauti yake ilipanda mpaka mtu wa ofisi ya pili akafungua mlango kuchungulia. "Chora tu mstari! Mnatengeneza fomu nyinyi, haikushuka kutoka mbinguni. Mtu anakufa mbele ya meza yako unatafuta nafasi?"

"Dada," Mama Pacha alimvuta mkono. "Twende."

Afisa hakukasirika. Aliwasindikiza hadi kwenye ngazi na kumwambia Mama Pacha ashuke taratibu. Karani alichukua matari matatu ya kampuni, akayapakia kwenye gari lililokuwa likimngoja chini. Ndugu wawili walisimama ukingoni mwa barabara na kulitazama likiondoka, na kwa dirisha la gari kikohozi kilisikika mpaka lilipokata kona.

"Walau wao wamerudishwa kwa gari," alisema Mama Pacha, na hapo Sikio alicheka, kwa uchungu, mpaka akalazimika kuketi chini, kando ya gunia lenye tari la zimamoto.

Wiki iliyofuata Mama Pacha aliachishwa kazi kwa kuharibu bidhaa. Alikaa nyumbani, kitanda kikasogezwa karibu na dirisha, na mabinti wakajifunza kumgeuza. Kikohozi hakikupungua. Sikio alikisikia kutwa kazini, kwenye maboksi ya rafu mpya, na kwa namna fulani alishukuru, kwa sababu ndiyo njia aliyokuwa nayo ya kumjulia hali mdogo wake. Akikohoa sana asubuhi, Sikio alijua amelala vibaya. Kikipungua baada ya saa saba, alijua amekula kidogo na kusinzia. Mtunza stoo alikuwa anapita na kusema, "Leo nafuu," au "Leo si nzuri," na kuendelea na shughuli zake.

Siku moja, saa nane mchana, stoo ilikuwa kimya kabisa. Sikio alishika tari bila kulipiga, akasikiliza. Alingoja hadi saa nane na robo. Kisha akavua aproni, akaikunja juu ya meza, akatoka kupitia lango kubwa bila kumwomba mtu ruhusa.

Alipofika nyumbani kwa mdogo wake, pacha walikuwa wameshatangulia. Walikuwa wamekaa kitandani, mmoja huku, mwingine kule, na sare za shule mwilini. Kabla ya hapo walikuwa kwenye somo la muziki. Tari la darasani lilikohoa mara mbili fupi, ile ndefu ikaanza, ikakatika katikati. Mwalimu alikuwa amengoja na chaki mkononi, kama alivyozoea kungoja. Baadaye aliiweka chaki chini, akawaambia wachukue mikoba yao waende nyumbani, na wenzao wote wakasimama walipokuwa wanatoka.

"Tumekimbia, mama mkubwa," alisema wa kwanza.

"Najua," alisema Sikio, akawakumbatia wote wawili kwa pamoja. "Mmekimbia vizuri."

Walimzika kesho yake mchana. Mzee wa zimamoto alikuja na sare yake, akasimama nyuma ya watu bila ala yoyote mkononi. Pacha walihamia kwa Sikio, na Sikio, aliyekuwa ameapa kutokanyaga tena kiwanda kile, alirudi siku ya nne. Vinywa vilikuwa vitatu sasa.

Alikuta wafanyakazi wamekusanywa uani. Matari ya kampuni hayakohoi tena, meneja aliwatangazia; hakuna hata barua moja ya mteja iliyoingia tangu wiki iliyopita. Makao makuu yameleta cheti chenye fremu kwa sababu kasoro ya sauti imeondolewa. Watu walipiga makofi. Meneja alipomwona Sikio aliacha wenzake akamwendea, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana," alisema. "Lakini unaona? Mambo huwa yanajirekebisha."

"Kasoro haikuondolewa," alisema Sikio. "Imezikwa. Mimi nilikuwepo."

Meneja alitikisa kichwa kwa huzuni, akarudi kupigwa picha na cheti.

Siku hiyo Sikio alichukua nyundo ya wakunja mbao, akaingia chumba cha gundi, akang'oa mbao za dirisha moja baada ya nyingine. Hakuna aliyemzuia. Wanawake watatu waliobaki waliacha brashi zao, wakaja kusimama dirishani wakiwa wamebanana, wakavuta hewa mpaka jua likageuka. Ngozi zote za mchana ule zilishika vumbi. Kesho yake mbao zilikuwa zimerudishwa kwa misumari mirefu zaidi, ngozi zilizoharibika zilikatwa kwenye mshahara wa Sikio, na mahali pa Mama Pacha alikuwa ameajiriwa mwanamke mpya.

Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mcheshi, mwenye mtoto mchanga aliyemwacha kwa bibi yake saa za kazi. Naye mkono wake ulikuwa mwepesi. Alitokwa na machozi wiki ya kwanza, akazoea.

Mwezi wake wa tano kazini, Sikio akiwa anapanga matari ya kukaguliwa, moja lilikohoa. Hakikuwa kikohozi anachokijua. Kilikuwa kimoja tu, chembamba, kikavu, kama cha mtu anayeomba radhi kwa kukatiza mazungumzo. Sikio alilishika tari lile kifuani kwa mikono yote miwili kama anayetaka kulinyamazisha. Wakati wa mapumziko alimfuata yule mwanamke nje, kwenye bomba, akamkuta anakunywa maji kwa kiganja.

"Sikiliza," alisema. "Toka humo ndani. Leo, usingoje kesho."

"Kwa nini, dada?"

"Kikohozi chako kimeanza kutokea kwangu."

Mwanamke alijifuta mdomo. Hakushtuka. Alionekana kama mtu aliyepata jibu la jambo alilokuwa akijiuliza.

"Kumbe ndiko kinakokwenda," alisema. "Nilikuwa najiuliza mbona siku hizi nikikohoa mtoto haamki."

"Nakuambia toka."

"Nitoke niende wapi?" aliuliza, kwa upole kabisa, na akangoja kweli, kwa dakika nzima, kuona kama Sikio ana jibu.

"Basi usihangaike," alisema yule mwanamke. "Kwangu sasa wanalala vizuri."

Kengele ililia. Alikausha mikono kwenye gauni, akafunga kitambaa chake puani, akabisha mlango wa chumba cha gundi, na wenzake wakamfungulia harakaharaka, vumbi lisije likaingia.